SOMO LA MWANANCHI: Nunua bima ya safari kabla ya kupanda meli ya kitalii

Wakazi wa Mombasa wamezoea kuona meli za kitalii zikitia nanga bandarini Kilindini na kuteremsha mamia ya wageni. Siku hizi mawakala wa safari wanawauzia Wakenya pia likizo za aina hiyo, zikiwemo safari za wiki moja kutoka Dubai na zile za Bahari ya Mediterania kutoka Barcelona. Mara nyingi fedha huwa za mchango. Watoto humlipia mzazi anayestaafu, au wanachama wa chama huweka akiba mwaka mzima ili wasafiri pamoja.

Fedha hizo zinaweza kupotea kwa siku moja. Mzazi akiugua wiki moja kabla ya safari, au akizidiwa meli ikiwa katikati ya bahari, familia hujikuta na bili ambayo haikuipangia. Somo hili linaeleza jinsi bima ya safari inavyofanya kazi, mahali inapokoma, na mambo ya kukagua kabla ya kulipa.

Kwa nini kadi ya matibabu ya nyumbani haitoshi

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia matibabu katika hospitali na zahanati zilizo na mkataba nayo humu nchini. Zahanati ya meli haimo katika orodha hiyo. Meli nyingi za kitalii hupeperusha bendera za nchi kama Bahamas, Panama na Malta. Daktari wa melini hutoza ada, na ada hiyo huongezwa kwenye akaunti ya msafiri, ambayo hulipwa kabla ya kushuka.

Zahanati ya melini hutoa huduma ya kwanza na matibabu ya kiasi. Mgonjwa wa kiharusi au wa moyo huhitaji kupelekwa hospitali kubwa nchi kavu, pengine kwa helikopta, na baadaye kurejeshwa nyumbani kwa ndege akiwa na muuguzi. Gharama ya safari hiyo inaweza kufika mamilioni ya shilingi. Kwa hivyo, kipengele cha usafiri wa dharura wa mgonjwa ndicho cha kwanza kutafutwa katika hati ya bima.

Mambo ambayo bima hulipia

Bima nzuri ya safari ya meli hugusa mambo manne makuu. La kwanza ni matibabu na usafiri wa dharura wa mgonjwa. La pili ni kuahirishwa au kukatizwa kwa safari kwa sababu zilizotajwa kwenye hati, kama vile ugonjwa wa msafiri au kifo cha jamaa wa karibu. La tatu ni kuchelewa kwa ndege hadi msafiri akakosa meli. La nne ni mizigo iliyopotea au kuibwa.

Kampuni hukadiria ada kwa kuangalia umri wa msafiri, idadi ya siku na nchi anazozuru. Kwa wazee, ada hupanda na viwango vya fidia huweza kupunguzwa. Anayemnunulia mzazi bima asome jedwali la umri la mzazi huyo, wala si lile la watu wazima kwa jumla.

Wanaokwenda Ulaya wana sharti jingine. Viza ya Schengen huhitaji bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, inayotambuliwa katika nchi zote za eneo hilo na inayogharamia kurejeshwa nyumbani. Meli ikitoka Barcelona, ikapitia Tunisia au Uturuki, kisha ikarudi Uhispania, msafiri huhitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Akinyimwa nafasi ya kupanda meli kwa sababu ya karatasi pungufu, bima kwa kawaida haimlipi.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa familia iliyomlipia mama wa miaka 67 safari ya Sh320,000. Siku kumi kabla ya kuondoka, mama analazwa. Kampuni ya meli inashikilia asilimia 75 ya nauli, kulingana na mkataba wa tiketi. Familia imepoteza Sh240,000.

Hati yao ya bima inasema fidia ya kuahirisha safari haizidi Sh130,000, na kwamba Sh10,000 za kwanza za hasara hubebwa na msafiri mwenyewe. Sh10,000 hizo zikitolewa kwenye kikomo cha fidia, watapata Sh120,000. Nusu ya hasara imebaki mikononi mwao, ingawa walikuwa na bima. Kosa lao lilikuwa kuangalia ada nafuu bila kulinganisha kikomo cha fidia na nauli waliyolipa.

Pale ambapo bima hukataa kulipa

Sababu kubwa ni ugonjwa uliofichwa. Fomu ya bima huuliza kuhusu shinikizo la damu, kisukari, pumu, moyo na upasuaji wa awali. Baadhi ya watu hujibu "hapana" ili ada isipande. Mama huyo wa mfano akipatwa na kiharusi melini, kampuni itaomba rekodi zake za hospitali. Ikigundua kwamba alikuwa akimeza dawa za shinikizo tangu zamani, inaweza kukataa dai lote. Afadhali kulipa ada ya juu, au kutafuta kampuni nyingine, kuliko kununua karatasi isiyomlinda mgonjwa.

Sababu ya pili ni kuchelewa kwa hiari. Machi 2024, abiria wanane walichelewa kurudi melini katika kisiwa cha São Tomé, baada ya matembezi ambayo hayakuandaliwa na meli. Meli iliondoka bila wao. Walilazimika kupitia nchi kadhaa kabla ya kuifikia tena nchini Senegal. Hati nyingi hulipia meli iliyokoswa kwa sababu ya ndege iliyochelewa, lakini hazimlipii aliyepitisha muda akitembea mjini.

Sababu ya tatu ni vita. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yamelazimisha kampuni za meli za kitalii kufuta au kubadili safari za njia hiyo. Hati nyingi huondoa hasara zinazotokana na vita. Aidha, kampuni ya meli ina haki, kwa mujibu wa tiketi, kuruka bandari iliyotangazwa bila kurudisha nauli yote.

Hatua za kufuata

1. Nunua bima siku ile ile unapotoa malipo ya awali ya safari. Ukingoja hadi wiki ya kuondoka, hutakuwa na kinga dhidi ya ugonjwa utakaozuka katikati.

2. Hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Mamlaka hiyo huchapisha orodha ya waliosajiliwa. Lipa kwa akaunti ya kampuni yenyewe na udai risiti.

3. Uliza, na ujibiwe kwa maandishi: Je, hati hii inagharamia safari ya meli? Je, inalipia kumtoa mgonjwa baharini, au nchi kavu tu? Kikomo chake ni kiasi gani?

4. Taja magonjwa yote na dawa zote. Weka nakala ya fomu uliyojaza.

5. Linganisha tarehe. Bima ianze kabla ya ndege ya kwanza na iishe baada ya kurudi nyumbani, si siku za melini pekee.

6. Andika nambari ya simu ya dharura ya kampuni ya bima kwenye karatasi, kwa kuwa mtandao baharini si wa kutegemewa. Mwachie nakala jamaa aliyebaki nyumbani.

Ukipata tatizo

Piga simu kwa kampuni ya bima kabla ya kulazwa au kuhamishwa, iwapo hali inaruhusu, kwa sababu gharama zisizoidhinishwa huweza kukataliwa. Hifadhi risiti, ripoti ya daktari wa melini, na ripoti ya polisi endapo ni wizi. Peleka dai ndani ya muda uliotajwa kwenye hati.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uwasilishe malalamiko kwa kampuni kwanza. Usiporidhika, unaweza kuyafikisha mbele ya IRA. Barua ya kukataliwa, nakala ya fomu na risiti ndizo zitakazokusemea huko.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari. Kwa anayepanga safari, tahadhari hiyo ni saa moja ya kuisoma hati kabla ya kutia sahihi, huku mzazi atakayesafiri akiwa ameketi kando yako kukukumbusha dawa anazomeza.