Mtoki na Sababu Zake

Hapa Dzaleka, wilayani Dowa, wengi wetu tumetoka Kongo, Burundi na Rwanda. Uvimbe utokeao kinenani, kwapani au shingoni kila mtu huuita kwa lugha ya kwao. Kwa Kiswahili ni mtoki. Wako wadhanio kwamba mtoki wenyewe ndio ugonjwa, nao huukanda kwa nguvu au huuchanja kwa wembe.

Mwilini mna mamia ya tezi ndogo, nyingi hazizidi haragwe. Maji yatokayo katika nyama hupita humo kabla ya kurudi katika damu, na vijidudu vya maradhi hukamatwa humo. Vita ikiwa kali, tezi huvimba. Basi ukiona mtoki, tazama maji yale yanakotoka. Mcheza mpira wa miguu mitupu akivimba kinena cha kulia, mimi hutazama kwanza mguu wa kulia: mwiba, funza, au kidonda kati ya vidole. Wa kwapani hutoa habari za mkono au titi. Wa chini ya taya, jino bovu au koo. Mtoki wa namna hiyo huuma, na kidonda kikipona hunywea baada ya majuma machache.

Uko usiouma, nao naona watisha zaidi. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Huingia hata tezi za shingo, zikashikamana, mwishowe zikapasuka. Jirani yetu mmoja alijifunga kitambaa shingoni miezi mingi kwa kuona haya, maana walisema amerogwa. Alipokwenda Lilongwe, kilomita 40 na zaidi, walimchoma sindano nyembamba uvimbeni wakavuta maji, yakapimwa. Alikunywa dawa miezi 6 bila malipo, akapona. Nasi tulikuwa tukiogopa kikombe chake bure, kwani kifua kikuu cha tezi pekee hakiambukizi! VVU navyo huvimbisha tezi mahali pengi pamoja, ndiyo sababu hospitali hupima damu.

Tena iko kansa. Mwaka 1958 Dk. Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya za watoto, kansa ya jamaa moja na ya tezi. Mwaka 1961 aliendesha gari toka Uganda hata Afrika Kusini akiuliza hospitali kwa hospitali, akapita na nchi hii, siku zile Nyasaland. Ugonjwa huo hukua upesi mno, lakini una dawa. Mtoto asingojeshwe hata juma moja.

Mtu mzima naye asingoje ikiwa mtoki ni mgumu, hausogei, uko juu ya mtulinga, umepita majuma 4, au waja na homa, jasho la usiku na kukonda. Mwambie mganga siku ulipoanza, kisha vua na viatu, maana atataka kuona miguu.