Majina ya Vifo: Rubunga na Juliana

Mwanafunzi wa Bukoba au Muleba akusanyaye habari za ukoo wake hutajiwa na wazee maradhi yasiyoonekana katika vitabu vya tiba. Mawili kati ya hayo, rubunga na Juliana, yaliua wengi.

Rubunga ni tauni. Viini vyake vilitambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Miaka michache baadaye daktari wa Kijerumani, Zupitza, alichukua vielelezo kwa wagonjwa wa Kiziba, kaskazini ya Bukoba, na Robert Koch akathibitisha kuwa ugonjwa ni ule ule. Viini hivyo huishi katika panya na huenezwa na viroboto. Panya afapo, kiroboto huuacha mwili uliopoa akatafuta damu kwingine. Mtu aumwapo naye huvimba mitoki ya kinena au kwapa, na asipotibiwa aweza kufa katika siku chache. Basi mzee asemapo kwamba panya walitangulia kufa, maneno hayo yaandikwe yote. Ni ushahidi bora kuliko jina la ugonjwa.

Juliana lilikuwa jina la nguo iliyouzwa kwa magendo baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79. Ugonjwa wa kukondesha ulipozuka ulipewa jina hilo, na wengi walisadiki kuwa ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiwa mali zao. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Virusi vyake, mtu asipopata dawa, hukaa mwilini kwa miaka mingi kabla ya kumwangusha. Hivyo mume alikufa, mke akafuata baada ya miaka kadhaa, na ndugu wakatafuta mchawi. Ugomvi wa namna hiyo hurithiwa pamoja na kibanja.

Hata hivyo, kukonda peke yake si ushahidi wa kutosha, maana kifua kikuu nacho hukondesha. Mwaka wa kifo, ukisahauliwa, waweza kukadiriwa kwa matukio makubwa: vita, au kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996.

Zoezi: Babu alivimba kinena, akafa siku ya nne, wawili wa nyumba yake wakafuata juma lilo hilo. Shangazi alikonda mwaka mzima. Mumewe alikuwa amekwisha kufariki miaka mitatu kabla. Ni maswali gani yaulizwe kabla ya kuandika sababu ya kila kifo?