SOMO LA KIINGEREZA: NENO "LATE"

Neno hili lina maana zaidi ya moja. Likitangulia neno la mtu, ni marehemu: "My late husband was a teacher", marehemu mume wangu alikuwa mwalimu. Likija baada ya "is", ni kuchelewa: "The lorry is late", lori limechelewa. Kwa hiyo mwanafunzi mchelewaji usimwite "the late boy". Utakuwa umemzika akiwa hai!

Wengi wetu husema "My husband is late" tukimaanisha amefariki. Huku Afrika Mashariki tunaelewana. Lakini afisa mgeni anayekuhoji anaweza kuandika kwamba mumeo yuko njiani, na faili lako likakaa likimsubiri. Mwambie wazi: "My husband died in 1996." Mwaka usiusahau.