Somo la Majilio: Mabaki ya Karamu Yetu

Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana imekaribia, na maandalio yameanza nyumbani mwetu. Mchele watafutwa, mbuzi wachaguliwa mnadani Pugu, nguo zashonwa, na watoto wahesabu siku zilizosalia. Furaha hii ni njema, wala hatuandiki ili tuipunguze. Lakini yafaa tujifunze pamoja jambo moja ambalo mara nyingi hatulifikiri: karamu ikiisha, mabaki yake huenda wapi?

Sisi tunaokaa Pugu tunalo jibu mbele ya macho yetu, tena kwa njia mbili.

Kwanza, Pugu ni mwisho wa safari ya takataka. Huko Pugu Kinyamwezi liko jaa kubwa la jiji la Dar es Salaam, ambalo watu huliita dampo, na malori huleta huko yaliyotupwa katika sehemu nyingi za jiji. Mtu husema, “Nimekitupa,” kana kwamba kitu kimekwisha. Kumbe kimetoka mlangoni pake tu kikaenda mlangoni pa mwingine. Chakula kikioza katika lundo lile hutoa gesi ya methani, nayo huzidisha joto la dunia. Plastiki hukaa miaka mingi bila kuoza. Tena wako watu waokotao humo chupa na vyuma wapate riziki yao. Kipande cha glasi kilichofichwa kati ya makombo chaweza kumkata mkono mtu ambaye hakualikwa karamuni.

Pili, Pugu ni mwanzo wa safari ya maji. Mto Msimbazi watoka katika vilima vya Pugu na Kisarawe, wapita Vingunguti na Jangwani, hata kuingia baharini. Kitu kilichotupwa mferejini huku juu, mvua za vuli hukichukua mpaka kwa wenzetu wa bondeni, kikaziba mitaro yao. Tukumbuke Desemba 2011: mvua kubwa mno ilinyesha kuanzia tarehe 20, mabonde ya jiji yakafurika, watu wapatao 40 wakafa, na maelfu wakakosa makao, siku chache tu kabla ya Sikukuu. Hatusemi kwamba takataka ndizo zilizoleta mvua ile. Lakini mtaro ulioziba hufanya mafuriko kuwa mabaya zaidi.

Basi tukiuliza kama yule mwana-sheria katika Luka 10, jirani yetu ni nani, jibu moja ni hili: ni yeye akaaye pale yanapofika mabaki yetu.

Tufanyeje? Tumtazame Bwana mwenyewe. Alizaliwa pasipo anasa yo yote, akalazwa mahali pa kulishia wanyama. Na alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano, hakuacha makombo yatupwe, bali aliwatuma wanafunzi wayakusanye. Nayo yakajaza vikapu kumi na viwili (Yohana 6). Mwenye uwezo wa kuzidisha mikate hakudharau makombo, je, sisi?

Chakula. Tupike kwa kadiri ya wageni. Kilichosalia tukipeleke kwa mgonjwa na mjane siku ile ile, kingali kizuri. Maganda tuyafukie shambani yawe mboji.

Vyombo. Tuazimane sahani na vikombe kama wazee wetu walivyofanya, wala tusinunue vya kutumia mara moja. Sokoni twende na kikapu. Sheria ya nchi yetu imekataza mifuko ya plastiki ya kubebea tangu tarehe 1 Juni 2019. Mkristo asingoje askari ndipo aitii.

Moto. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imekatwa sana kwa ajili ya mkaa. Tuloweke maharage tangu jana yake, tufunike sufuria, na nyumba mbili au tatu zipike pamoja. Mkaa utapungua, na furaha itaongezeka.

Mapambo. Desturi ya kupamba mti ilitoka Ujerumani, nchi ambayo Desemba ni baridi, na miti mingi haina majani. Kwetu Desemba ni majani mabichi. Makuti ya mnazi yatosha kulipamba kanisa, na mkrismasi, mti ule wenye maua mekundu, huchanua wenyewe uani. Hakuna haja ya kukata mti mchanga. Afadhali kila nyumba ipande mche ardhi ingali na maji ya vuli, na watoto waumwagilie katika jua la Januari na Februari, hata masika ifike.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:

1. Katika karamu ya mwaka jana, ni kitu gani tulichotupa kilichoweza kumfaa mtu?

2. Mfereji ulio karibu na nyumba yetu hupeleka maji kwa nani?

3. Ni nani atakayeutunza mche wetu hata masika?

Bwana awajalie Sikukuu yenye amani, ninyi na wale wote wakaao chini ya vilima vyetu.