Usitupe Kompyuta Kuukuu, Iwekee Linux

Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji RAM ya GB 4 au zaidi, na kompyuta nyingi za zamani haziifikii. Mkazi mwenye kompyuta kama hiyo anaweza kuiwekea Linux bila malipo.

1. Hifadhi picha, vyeti na hati zako kwenye flashi au diski ya nje. Kusakinisha Linux mahali pa Windows hufuta kila kitu.

2. Angalia kiasi cha RAM. Ikiwa ni GB 2 au zaidi, tumia Linux Mint Xfce. Ikiwa ni pungufu, lakini si chini ya MB 512, jaribu antiX.

3. Pakua mfumo kutoka tovuti rasmi, kisha uuandike kwenye flashi nyingine ya GB 8 kwa programu ya balenaEtcher. Kunakili faili tu hakutoshi.

4. Chomeka flashi hiyo, washa kompyuta huku ukibonyeza F12, F2 au Esc kulingana na aina yake, kisha uchague flashi.

5. Ujaribu mfumo kabla ya kuusakinisha. Kagua Wi-Fi, sauti na kibodi. Ukiridhika, sakinisha.

Linux Mint huja na LibreOffice ya kuandikia barua na wasifukazi, na tovuti ya eCitizen hufunguka kwenye kivinjari. Hata hivyo, Linux haiongezi RAM, hivyo fungua kurasa chache kwa wakati mmoja.