Kucheza na Watoto Wetu Majumbani

Wako baba wengi miongoni mwetu ambao mtoto wa miaka 3 au 4 akiwajia na kifuu cha nazi, asema ni motokaa, humfukuza kwa neno moja: "Nenda kwa mamako!" Hudhani kwamba kucheza na mtoto kwavunja haiba. Nasi tulikuwa hivyo kwa mtoto wetu wa kwanza. Kila tuingiapo nyumbani alikuwa akinyamaza na kukusanya vitu vyake, nasi tukimsifu kwa adabu. Kumbe ilikuwa ni khofu.

Anas bin Malik alikuwa na nduguye kwa mama, mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa, akiitwa Abu Umair. Mtoto huyo alikuwa na kijidege akikichezea, kiitwacho kwa Kiarabu nughair. Mtume (S.A.W.) alipozuru nyumba yao alimwuliza habari za kijidege chake, na katika baadhi ya riwaya imekuja kwamba kilikuwa kimekufa, na mtoto ana huzuni. Maneno ya swali lile yalikuwa na vina, jina la mtoto likilingana na la ndege, na masikio ya watoto hupenda vina. Ibnul Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii aliyefariki mwaka 335 Hijria, alitoa katika hadithi hii faida 60. Sisi leo twataka moja: Mtume aliuingia mchezo aliokuwa nao mtoto mwenyewe.

Wengi wetu humpa mtoto simu ili anyamaze, wakahesabu kuwa wamecheza naye. Wengine hugeuza kila mchezo mtihani: "Haya, hesabu vifuu!" Mtoto akimfanya babake abiria, na awe abiria, aulize nauli, ateremke aambiwapo. Wakicheza kibe, naye amejificha nyuma ya pazia na miguu yaonekana, atafutwe kwanza chini ya kitanda. Hapo hujifunza maneno, zamu na subira, wala hajui kuwa yuko darasani. (Akina mama hawahitaji somo hili, wao hucheza nao huku wakikuna nazi.) Robo saa baada ya Alasiri, kabla ya kwenda barazani, yatosha kuanzia.

Ama mwenye kuikhofia haiba yake, basi Mtume alikuwa akiwasalisha watu na mjukuu wake Umama, binti Zainab, yuko begani. Akirukuu humweka chini, na akiinuka humbeba tena.