Taarab ya Mombasa ni Ipi? Nyimbo Tatu na Mpaka Mmoja

Wanafunzi wa fasihi tunapoulizwa taarab ni nini, aghalabu tunaanza na ala: udi, fidla, ganuni, ngoma. Jibu hilo halitoshi. Ala zimekuwa zikibadilika tangu Siti binti Saad arekodi sahani zake Bombay mwaka 1928, na Mombasa imezipokea nyingi: kinanda cha Kihindi, gitaa, hata tashkota ya Kijapani. Lau utanzu ungefanywa na ala, taarab ya Mombasa ingekuwa imekufa na kuzaliwa upya mara kadhaa. Katika makala haya nimechagua njia nyingine: kuteua nyimbo ambazo kwangu mimi ndizo taarab yenyewe, kisha kuuliza zina nini. Uteuzi ni wangu, na msomaji ana haki ya kuupinga.

Wa kwanza ni "Pete" wa Juma Bhalo (1942–2014). Bhalo alijulikana kwa lahani za filamu za Kihindi, na wapo wanaomshusha hadhi kwa sababu hiyo. Lakini maneno hayakutoka India. Nyimbo zake nyingi zilitungwa na nduguye, Ahmad Nassir, mwandishi wa Malenga wa Mvita (1971). Hapa sina budi kutua kidogo. Tunaposema darasani "wimbo wa Juma Bhalo", mtunzi tumemzika. Ndivyo ilivyo pia kwa Zein l'Abdin (1939–2016), aliyeimba tungo za Ahmed Sheikh Nabhany. Shairi la Nabhany likiwa kitabuni huitwa ushairi. Likiimbwa na Zein harusini huitwa burudani, nalo huachwa nje ya orodha za tasnifu. Beti ni zile zile: aghalabu mishororo mitatu yenye vipande viwili, mizani minane kila kipande, vina vya kati na vya mwisho. Sijaona hoja inayoeleza ni wapi, baina ya karatasi na koo, ushairi huo hupotea.

Wa pili ni "Parare" wa Zuhura Swaleh. Zuhura aliiingiza katika taarab midundo ya chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini, ya kukata kiuno. Parare ni panzi; lakini hakuna bibi aliyeketi mkekani akadhani anaimbiwa mdudu. Kila mmoja humtafuta mlengwa. Tazama namna watu wanavyotunza: mwanamke husubiri ubeti fulani, huinuka, hupita mbele ya fulani bila haraka, kisha humpa mwimbaji noti. Kwa maoni yangu kutunza ni uhakiki. Amechagua ubeti, ameufasiri, na ameonyesha hadharani nani unamhusu, yote bila kutamka neno. Vitabu vyetu vya nadharia vinaitaja hadhira kwa jumla mno; hapa hadhira inamaliza utunzi.

"Vishindo vya Mashua" wa Maulidi Juma nautaja kwa ufupi, kwa kuwa jina lake latosha. Mgeni atangojea habari za uvuvi.

Nyimbo hizi tatu zina fumbo, zina mlengwa asiyetajwa, na zina hadhira yenye ujuzi wa kufumbua. Kipimo hiki tukijaribu Kisauni, katika mtaa wa Freretown ulioanzishwa mwaka 1875 na wamishenari wa CMS kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Huko ndiko nyumbani kwa Joseph Ngala na saksafoni yake, na wimbo wake "Bango" ndio ulioupa jina mtindo mzima. Bango huimbwa kwa Kiswahili, hupigwa harusini, na mna harufu ya taarab ndani yake. Hata hivyo, nisikiavyo mimi, husema nawe waziwazi, na watu huinuka kucheza pamoja; hakuna anayemkagua jirani kwa jicho la pembeni. Ni ndugu wa taarab, na anastahili tasnifu yake mwenyewe.

Kanda za kaseti, zilizoeneza nyimbo hizi kwa miaka mingi, aghalabu ziliandikwa jina la mwimbaji pekee. Kwa hiyo mtafiti atakayekwenda Likoni, Kisauni au Changamwe asiridhike na kanda. Aulize daftari la mtunzi liko kwa nani, na aulize mapema, maana wazee wanaokumbuka ubeti upi ni wa nani wanazidi kupungua.